Shingo ya mdogo wangu ilipopinda, tulizitupa dawa

Assalaam aleikum Shangazi,

Naandika usiku, nyumba imetulia kidogo. Mimi ni msichana wa miaka 27, naishi Kisauni, kifunguamimba wa mamangu. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 23. Babetu alitutoka zamani na mama anatulea kwa mahamri anayoyauza alfajiri.

Mambo yalianza mwaka jana, mwezi wa Mfungo Tatu, tukadhani ni uvivu. Alikuwa akiendesha tuktuk ya mjomba. Akaanza kurudi mapema, mara haendi kabisa. Mchana analala, usiku yu macho na muguka shavuni. Akasema madereva wenzake wanapashana habari zake kwa kuwasha na kuzima taa. Akanunua daftari, akawa anaandika namba za magari yapitayo barazani, kurasa kwa kurasa. Kuoga akaacha. Usiku nikamsikia akijibizana, nikadhani yuko kwenye simu, na simu nilikuwa nayo mimi.

Kisha akakataa chakula cha mama. Alisema kina kitu ndani. Akawa hali ila mayai ya kuchemsha ambayo hayajamenywa, na ndizi na maganda yake. Mama alilia siku nzima. Mimi nikawa namwekea mayai mawili mlangoni, mazima, naondoka.

Usiku mmoja akalipiga geti la jirani kwa jiwe, akitaka wazime mashine inayosoma mawazo yake. Vijana wa mtaa wakamkamata, wakamfunga kwa leso, tukampeleka hospitali. Alidungwa sindano akalala. Asubuhi tukapewa vidonge ndani ya bahasha ya kaki, tukaambiwa asubuhi na jioni. Hatukuelezwa jambo jingine.

Siku ya tatu, kwenye magharibi, shingo yake ilianza kupinda kushoto kana kwamba mtu anaigeuza kwa mkono. Macho yakapanda juu, yakabaki meupe. Ulimi ukawa mzito, mate yanamtoka. Lakini Shangazi, alikuwa na fahamu zake. Alikuwa akinitazama kwa pembe ya jicho na kujaribu kutaja jina langu. Mama akapiga ukelele, "Jini lamnyonga mwanangu!" Zile dawa zikamwagwa chooni usiku ule ule.

Tukampeleka kwa mwalimu Likoni. Alikaa siku 12, akisomewa na kunyweshwa kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa. Alirudi ametulia, akala pilau na sisi, tukamshukuru Mungu. Haikupita wiki mbili yakarudi yote, na safari hii zaidi. Sasa mwalimu mwingine anasema ni jini la baharini, anataka shilingi 40,000 na mbuzi mweusi. Mjomba anasema pesa hizo zinunue mnyororo, afungwe chumba cha uani. Binamu anasema tumpeleke Mathari, hospitali ya akili ya Nairobi.

Nikuulize Shangazi. Hili ni jini au ni ugonjwa? Zile dawa zilikuwa zinamuua? Na kama ni ugonjwa, atakunywa dawa hadi kufa? Mwisho naona haya hata kuuliza: mimi nimeposwa. Je, na mimi nitakuwa hivi?

Dada mtu, Kisauni

*

Waaleikum salaam mwanangu,

Nitaanza na ile shingo, kwa sababu naona ndiyo iliyoamua mambo yote yaliyofuata nyumbani kwenu. Miaka niliyofanya kazi ya uuguzi katika wodi za akili niliiona shingo kama hiyo mara nyingi. Mwaka wangu wa pili kazini alikuja mama amemshika mwanawe kichwa kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba mtungi uliojaa, akiogopa akikiachia kitaanguka. Kijana alidungwa sindano moja. Mama yule hakuwa hata amemaliza kunisimulia, kichwa cha mwanawe kikarudi mahali pake chenyewe.

Lile ni tatizo linaloletwa na dawa. Misuli ya shingo, macho, taya au ulimi inakaza yenyewe. Hutokea hasa kwa dawa za zamani kama haloperidoli, mara nyingi katika siku chache za kwanza, na huwapata zaidi vijana wa kiume. Siijui dawa iliyokuwa ndani ya bahasha yenu, ila umri wake, siku ya tatu, macho kupanda juu na fahamu zikiwepo, vyote vinaelekea huko. Dawa hizi hupunguza nguvu za kemikali ya ubongo iitwayo dopamini. Kemikali hiyo hiyo ndiyo inayosaidia ubongo kuongoza misuli, kwa hivyo ikizuiwa ghafla misuli hukosa mwongozo. Tiba yake iko na ni ya bei ndogo: benzheksoli ya vidonge, au dawa ya jamii yake kwa sindano, na kwa sindano huachia kwa kawaida ndani ya nusu saa. Ilitisha, lakini ingetibika usiku ule ule.

Mlipaswa kuambiwa kabla hamjatoka mlangoni. Sentensi mbili tu zingetosha: shingo ikikaza rudini hapa, msiziache dawa. Hamkuambiwa, na kwa niaba ya kazi niliyoifanya maisha yangu yote nakuomba radhi, wewe na mamako. Mama aliyemwona mwanawe akinyongwa na kitu asichokiona kisha akazimwaga dawa alifanya ambalo mama yeyote angelifanya.

Kuna hali moja nyingine uijue, ni nadra lakini ni ya hatari: mwili mzima kukaza kama ubao, pamoja na homa kali, jasho na kuchanganyikiwa. Hiyo ni ya kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Vilevile mkazo ukimfika kooni akashindwa kupumua vizuri.

Sasa lile la jini au ugonjwa. Mimi ni Mwislamu wa Mombasa, sitakaa hapa nikuambie majini hayapo. Lakini daktari mzuri wa akili hatakuuliza kama mnaamini majini. Nyumba nzima yaweza kuamini majini na bado ikapika, ikaenda kazini, ikaozesha. Anachotafuta ni mtu aliyebaki peke yake na imani ambayo hata watu wake mwenyewe hawaishiriki, na maisha yake yakaporomoka ndani yake. Hakuna mtu Kisauni anayeamini kwamba taa za tuktuk zinatuma habari. Mdogo wako anaamini, anasikia wanaomsemesha, haogi, hafanyi kazi, anaogopa chungu cha mamake. Hayo kwa pamoja ndiyo wanayoyaita saikosisi, na ikidumu na kutimiza masharti yake huitwa skizofrenia. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani unataka dalili ziwe zimedumu mwezi mmoja au zaidi, na ule wa madaktari wa Marekani unataka dalili za ugonjwa zifike miezi 6. Yeye amevuka yote mawili. Hata hivyo jina silitoi mimi kwa barua. Atalitoa aliyemwona.

Na hapa ndipo nataka mfanye tofauti na mara ya kwanza. Mara ya kwanza alipelekwa usiku, amefungwa leso, akipiga kelele. Aliyempokea alikuwa na kazi ya kumtuliza, akamtuliza. Kupimwa hakupimwa. Hakuna kipimo cha damu kinachosema "hii ni skizofrenia", wala picha ya ubongo. Damu hupimwa ili kuondoa mengine yanayofanana nayo: malaria iliyopanda kichwani, sukari, virusi vya Ukimwi, kaswende, tezi ya shingo. Kifafa nacho huulizwa, maana kuna kifafa kisichomwangusha mtu ila humpa sauti na hofu. Baada ya hapo, chombo kikubwa cha daktari ni masimulizi. Na masimulizi unayo wewe.

Kwa hivyo chukua karatasi kabla ya kwenda. Andika kwa miezi, si kwa hisia: mwezi gani aliacha kuoga, mwezi gani sauti, mwezi gani mayai. Muguka alianza lini na anatafuna kiasi gani kwa siku. Hili la muguka lina uzito. Miraa na muguka zina kathinoni, kichangamshi kinachokimbiza usingizi, na kwa baadhi ya watu hasa wanaotafuna sana huweza kuwasha saikosisi au kuichochea ambayo tayari ipo. Mnakumbuka kaunti yetu ilivyotaka kuupiga marufuku Mei 2024 na mambo yakaishia mahakamani. Daktari atataka kujua kipi kilitangulia, muguka au sauti. Kama sauti zilikuja baada ya muguka na huondoka akiacha, hiyo ni njia moja. Kama alianza kutafuna kwa sababu alikuwa haoni usingizi na anaogopa kulala, hiyo ni njia nyingine. Usimfiche daktari lolote kati ya hayo, bangi pia kama ipo. Hakuna anayemshtaki pale.

Andika pia kama aliwahi kupitisha siku kadhaa akiwa na furaha iliyopita kiasi, halali na hachoki, anagawa vitu, anajiona mfalme. Hiyo inaelekeza kwenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, na tiba yake ya msingi huwa nyingine, kwa mfano lithiamu, dawa ambayo daktari John Cade wa Australia aliiandikia ripoti mwaka 1949 na hadi leo bado inatumika.

Na muulize, wewe mwenyewe, mkiwa wawili: zile sauti zinakuambia ujidhuru? Umewahi kutaka kufa? Watu wengi wanaogopa kwamba kuuliza ni kumpandia mtu wazo. Hakumpandii. Mara nyingi humfungua. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, ondoeni visu na sumu ya panya, na mwende siku hiyo hiyo. Wala msinyamaze kwa kuogopa polisi, Mahakama Kuu ilikwisha tamka Januari 2025 kwamba kumwadhibu mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba.

Zile siku 12 za Likoni nimezifikiria sana, kwa sababu najua ndizo zinazowarudisha nyuma kila mnapotaka kwenda hospitali. Alipoa, mmeona kwa macho yenu. Nami naamini mlichokiona. Lakini nitazame alichokipata kule. Alilala usiku. Hakuwa na muguka. Hakukuwa na barabara ya kuandika namba za magari. Hakuna aliyemfokea, kulikuwa na sauti moja tu ya kisomo na watu wapole. Na ugonjwa huu una tabia ya kupanda na kushuka wenyewe, na wengi humpeleka mgonjwa kwa mwalimu au kwa daktari pale ulipopanda kabisa, kwa hivyo huenda ungeshuka kidogo hata kama angekaa kwa shangazi yake Mtwapa. Kipi kati ya hivyo vyote kilimpoza? Kwa mgonjwa mmoja hatuwezi kujua. Hata mimi na wodi yangu hatukuweza kujua kwa mgonjwa mmoja.

Ndiyo maana dawa zikapimwa kwa namna nyingine. Huchukuliwa wagonjwa waliokwisha pata nafuu, wakagawanywa kwa kura. Kundi moja linaendelea na dawa, la pili linapewa kidonge kinachofanana nacho lakini hakina kitu ndani, na mara nyingi hata anayewapima hajui nani amepewa nini. Mwaka 2012 daktari Stefan Leucht wa Ujerumani na wenzake walikusanya majaribio 65 ya aina hiyo yenye wagonjwa zaidi ya 6,000. Kufikia mwaka, kati ya kila 100 waliopewa kidonge kitupu 64 walikuwa wameugua tena. Waliobaki na dawa, 27. Zitazame namba hizo pande zote mbili, tafadhali. Kuna 27 waliokunywa dawa na bado ikarudi, na kuna 36 hivi waliokaa salama mwaka huo bila dawa. Dawa haifanyi miujiza. Lakini kama ni mdogo wangu, ningetaka awe kwenye kundi la 27.

Mamako hatashawishika kwa namba, na si lazima. Mwambie kisomo kiendelee. Mtume wetu aliamrisha watu wajitibu, na hospitali ya Sultani Qalawun mjini Kairo, iliyojengwa mwaka 1284, ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Kwetu Waislamu hili si jambo la kuletwa na Mzungu. Na kuna jambo la karibu zaidi. Nchini Ghana na Nigeria, Profesa Oye Gureje wa Ibadan na wenzake waliwaunganisha waganga na wauguzi wa vituo vya afya: mganga anabaki na mgonjwa wake na maombi yake, muuguzi anakuja pale pale na dawa, na mganga anakubali kuacha kumfunga, kumpiga na kumnyima chakula. Walikuwa wagonjwa 307 wa saikosisi, na matokeo yalitoka mwaka 2020. Baada ya miezi 6, waliohudumiwa kwa ushirika huo walikuwa na dalili kidogo zaidi kuliko waliohudumiwa kwa njia ya kawaida. Basi yule mwalimu wa Likoni, kama alikuwa mpole, mwendeeni mumwombe aendelee kumsomea huku anakunywa dawa. Jibu lake litakuonyesha ni mtu wa namna gani. Kombe halimdhuru. Mizizi ya kunywa msiyoijua, moshi wa pilipili, fimbo, na neno "acha dawa za hospitali", hayo ndiyo ya kukataa.

Wa 40,000 na mbuzi mweusi, mwanangu, usimpe hata senti. Mama anakanda unga saa tisa za usiku kuipata hiyo pesa.

Mnyororo pia hapana, na hili mwambieni mjomba kwa heshima yake lakini bila kuyumba. Nimewahi kukifungua kifundo cha mguu kilichokaa kwenye mnyororo miezi, nyama imeota juu ya chuma. Yule kijana alikuwa na sauti kama za mdogo wako tu. Sauti zilipungua kwa vidonge ndani ya wiki chache, mguu haukurudi kama ulivyokuwa.

Nairobi si lazima kwa sasa. Mathari ni ya tangu 1910 na ina wataalamu, lakini safari ya usiku kucha na mtu anayeogopa taa za magari itawashinda, na mgonjwa akilazwa mbali na kwao nani atamletea mayai? Hospitali ya Port Reitz, upande wa Changamwe, ina kitengo cha wagonjwa wa akili. Mwende mchana, kliniki, akiwa ametulia kiasi, na mtu anayemwamini. Nadhani ni wewe.

Ukifika, sema kabla ya yote: "Dawa ya kwanza ilimkaza shingo siku ya tatu." Waandike kwenye faili. Hapo watachagua, ama dawa ile ile kwa kipimo kidogo pamoja na benzheksoli, ama nyingine kama risperidoni au olanzapini ambazo hukaza misuli kidogo zaidi. Nazo zina gharama yake, hasa olanzapini huleta njaa na unene na yaweza kupandisha sukari, kwa hivyo apimwe uzito na sukari mwanzoni na kila baada ya miezi kadhaa. Hofu na makelele hupungua katika siku za mwanzo. Sauti na zile fikra za taa huchukua wiki. Msiihukumu dawa kabla ya wiki 4 hadi 6 za kuinywa vizuri kwa kipimo kinachotosha. Akisumbuka na vidonge vya kila siku, iko sindano ya kila mwezi au kila wiki mbili. Na dawa mbili zikijaribiwa sawasawa zikashindwa, msikate tamaa wala msikubali kuongezewa ya tatu na ya nne kwa pamoja, ulizeni kuhusu klozapini. Mwaka 1988 John Kane wa Marekani aliwapa wagonjwa ambao dawa nyingine zilikuwa zimewashinda. Kwa wiki 6, 30 kati ya 100 walipata nafuu, na waliopewa dawa ya zamani walikuwa 4 kati ya 100. Inataka damu kupimwa mara kwa mara, maana huweza kushusha chembe nyeupe, lakini kwa wenye kuihitaji haina mfano.

Hadi kufa? Sijui kwake yeye, na hakuna anayejua leo. Kwa aliyeugua mara ya kwanza, ushauri wa kawaida ni kuendelea mwaka mmoja hadi miwili baada ya kupona, kisha kuzungumza na daktari, na ikiwa kupunguza basi kidogo kidogo. Wako wanaoacha wakakaa. Wako wanaohitaji miaka mingi, kama mwenye presha. Mtakalolijutia ni kuacha ghafla siku atakaposema amepona.

Upande wa nyumbani. Huko London, mwanasosholojia George Brown na wenzake waliwafuatilia wagonjwa wa skizofrenia waliotoka wodini, na kufikia 1972 walikuwa wamethibitisha jambo lililowashangaza wengi: waliorudi katika nyumba za lawama, makaripio na kuingiliwa kila hatua waliugua tena zaidi kuliko waliorudi kwenye nyumba tulivu. Haina maana kwamba familia huleta ugonjwa. Ina maana makelele ya mjomba ni kitu cha kupunguzwa, kama muguka. Tangu hapo kufundisha familia pamoja na mgonjwa ni sehemu ya tiba, ulizeni kliniki kama wanayo.

Ukizungumza naye kuhusu sauti, usibishane, na usimkubalie pia. Mwambie, "Mimi siwasikii, lakini naona wanakutesa." Inatosha. Ujuzi huo tayari unao, mwanangu. Hukumlazimisha wali, hukumcheka, ukamwekea yai na ganda lake. Ulimpa chakula ambacho hofu yake iliweza kukimeza, bila kumwambia kwamba mama anamtilia sumu. Wanafunzi wa uuguzi huchukua muda mrefu kulielewa hilo.

Kuhusu posa yako. Katika watu wote, kama mmoja katika 100 au chini ya hapo hupata skizofrenia maishani. Kwa mwenye ndugu wa tumbo moja aliye nayo, takwimu za zamani zinazotumika sana husema takriban 9 katika 100. Maana yake 91 hawaipati. Wewe una miaka 27, unafikiri sawasawa na unaandika barua iliyonyooka. Kaa mbali na muguka na bangi. Mchumba mwambie mwenyewe, kwa maneno yako, asije akalisikia barazani limeshakuwa kisa kingine.

Lakini nimeona unaandika usiku wakati wengine wamelala. Pale kliniki mwombe muuguzi akuulize na wewe yale maswali 9 ya huzuni. Yanahusu wiki mbili zilizopita, yamejaribiwa kwa Kiswahili hapa Kenya, na hayachukui dakika tano. Alama zikifika 10 kati ya 27, nawe uketi na mtu uzungumze. Mgonjwa anayehitaji dada wa miaka mingi anahitaji dada anayelala.

Nendeni Jumatatu asubuhi, kabla foleni haijawa ndefu. Beba karatasi yako ya miezi, na kitambulisho chake, na maji ya chupa ambayo haijafunguliwa. Na mchemshie mayai mawili ya njiani. Usiyamenye.

Shangazi yako